Sura ya Sita: Dhoruba ya Usiku Huonekana Mchana

Kwa msafiri, Nyegezi ni stendi. Anashuka kwenye basi, wapiga debe wanamzingira, anakamata daladala ya mjini na habari ya Nyegezi inaishia hapo. Kwa watu wa ziwa, Nyegezi ni mahali pa shule. Ndipo ilipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambako vijana hufundishwa nyavu, boti na namna ya kutunza samaki wasiharibike. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, nayo iko hukohuko, na ukisogea kidogo hadi Malimbe unakikuta Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Vijana hawa wanasoma huku wanayaona maji kutoka dirishani.

Vyuo vyetu vinapenda ziara za mafunzo. Basi linakodiwa, mwalimu anabeba barua ya utambulisho, wanafunzi wanavaa sare, na saa nne asubuhi wako mlangoni pa ofisi fulani wakisubiri mwenyeji. Katika sura hii nazungumzia ziara moja ambayo mwanafunzi wa Nyegezi anastahili kuliko wengine wote: ya kwenda kuona jinsi satelaiti na rada zinavyofanya doria ya dhoruba juu ya Ziwa Victoria. Naizungumzia kwa sababu wengi huifanya vibaya, na kosa si lao.

Anayekwenda kuangalia satelaiti atavunjika moyo mapema, kwa kuwa satelaiti haipo. Katika kituo kinachopokea picha kuna dishi lililofungwa juu ya zege, waya unaoingia ndani kupitia ukutani, kompyuta kadhaa zisizozimwa, na mtabiri wa zamu ambaye hakulala. Vijana wanapiga picha mbele ya dishi. Wangepiga picha mbele ya yule mtabiri wangekuwa karibu zaidi na ukweli wa mambo.

Satelaiti inayolitazama ziwa letu bila kupumzika inaitwa Meteosat. Ni mali ya Ulaya, inaendeshwa na shirika la EUMETSAT lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Katika umbali huo, chombo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha, kwa hiyo kwetu sisi huonekana kama hakiendi popote: usiku na mchana kinaitazama Afrika ileile. Meteosat ya kwanza ilirushwa Novemba 1977. Za kizazi cha pili, zilizoanza kwenda juu mwaka 2002, hupiga picha kila baada ya dakika 15. Ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga kila baada ya dakika 10 na imebeba chombo cha kunasa mimweko ya radi.

Picha ya wingu lililosimama juu ya Ukerewe haishuki moja kwa moja Mwanza. Huenda kwanza Ulaya, ikasafishwa na kupangwa, ikarushwa tena juu kwa satelaiti ya mawasiliano, ndipo madishi ya Afrika yaipokee. Mawimbi ya redio humaliza safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa chini ya sekunde moja. Muda huliwa na kazi ya kompyuta katikati ya safari, nao ni dakika tu. Vituo vya kupokelea data hizi vilisambazwa kwenye idara za hali ya hewa barani Afrika katikati ya miaka ya 2000 kupitia mradi ulioitwa PUMA, na miradi mingine ikafuata kuvihuisha. Naisimulia njia hii yote kwa makusudi, maana tumezoea kusema taarifa huchelewa kwa sababu ya teknolojia. Tutaona inachelewa wapi hasa.

Jambo la kwanza la kumweleza mwanafunzi ni kile ambacho jicho hilo haliwezi kuona. Kitone kimoja cha picha ya kawaida ya Meteosat za kizazi cha pili kinafunika eneo la kilomita tatu kwa tatu, tena hapo ni chini yake kabisa. Kisiwa cha Saanane chote kinamezwa ndani ya kitone kimoja. Mtumbwi wa dagaa haupo kabisa. Hakuna mtu Darmstadt wala Dar es Salaam anayemwona mvuvi akizama.

Jambo la pili ni rangi. Kijana akiona doa jekundu au la zambarau kwenye skrini hudhani ni joto. Ni kinyume chake. Chombo kinapima joto la kilele cha wingu, na watabiri wamezoea kupaka rangi kali pale penye baridi kali. Wingu lenye kilele cha nyuzi 70 chini ya sifuri limepanda kilomita 14 au 15 kwenda juu, na wingu la kimo hicho halikupanda bure: chini yake kuna upepo unaoshuka kwa kishindo, mvua na radi. Wakati mwingine kitovu chake kinatoboa hata dari ambako mawingu ya kawaida hukomea, na picha inaonyesha kinundu kidogo chenye baridi kuliko pembeni zake. Mtabiri akiona kinundu hicho huacha kunywa chai.

Mwanza ina bahati ya jicho jingine lililo karibu zaidi. Kiseke, wilayani Ilemela, kuna rada ya hali ya hewa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tanzania ilianza na rada ya Dar es Salaam, ya Mwanza ikafuata, kisha zikaja za mikoa mingine. Satelaiti huangalia wingu kutoka juu na kukisia yaliyo ndani yake. Rada hurusha mawimbi ubavuni mwa wingu na kusikiliza yanavyorudi baada ya kugonga matone, hivyo hujua mvua iko wapi, ni nzito kiasi gani na inaelekea upande gani. Udhaifu wake ni kwamba dunia imejipinda na mawimbi hayajipindi vya kutosha kuifuata. Kadiri dhoruba inavyokuwa mbali ndivyo rada inavyopita juu ya kiuno chake. Ndiyo maana macho haya mawili yanahitajiana.

Sasa tuje kwenye ziwa lenyewe, maana bila kulielewa ziwa vyombo hivi vyote ni mapambo.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na takriban nusu yake ni ya Tanzania. Maji mengi namna hiyo hayapati joto haraka wala hayapoi haraka. Saa nane mchana mchanga wa ufukweni unaunguza nyayo na maji ni ya kustahimilika. Alfajiri mchanga ni baridi na maji ni vuguvugu. Waliowahi kuvuta kokoro usiku wanalijua hilo kwa miguu yao (kokoro limepigwa marufuku, lakini miguu haisahau). Kutokana na tofauti hiyo, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya vilima vinavyolizunguka ziwa, hasa mashariki, kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako mvua ya mawe ya alasiri ni jambo la kawaida kwa wakulima wa chai wa Kericho. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, hewa yake inateremka kuelekea majini kutoka pande zote za ziwa, inakutana katikati, inakosa pa kwenda, inapanda. Inapanda juu ya maji vuguvugu yanayoilisha mvuke. Kati ya saa sita usiku na saa tatu asubuhi ndipo ziwa hupikiwa dhoruba zake kubwa.

Halafu kuna upepo mkuu unaotoka mashariki, unaozisukuma dhoruba hizo kwenda magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka na Mwanza, ng'ambo ya maji yaleyale, hupata kama nusu yake. Migomba na kahawa ya Kagera, mawe na pamba ya Usukuma: tofauti hiyo ina mkono wa dhoruba za usiku ndani yake. Na ndiyo maana asubuhi za Bukoba si za kuaminika. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani asubuhi ilipokuwa inakaribia uwanja wa Bukoba wakati hali ya hewa ni mbaya. Watu 43 walikuwa ndani, 19 wakafariki, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi.

Wavuvi hao sasa. Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili taa ziwavute. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa jua. Mitumbwi huondoka mwaloni jioni na kurudi kumekucha. Nyavu za sangara nazo hutegwa jioni zikalala majini. Kwa maneno mengine, uchumi wa ziwa umepangwa ili watu wengi zaidi wawe katikati ya maji saa zilezile ambazo hewa ya pande zote inakutana juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Dagaa hafuati ratiba ya ofisi. Makadirio yanayotajwa sana, hata na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Victoria, nchi tatu kwa pamoja. Upana wa makadirio hayo unasema jambo lake: tunahesabu samaki kwa kilo na tunakisia watu kwa maelfu. Si vifo vyote ni vya dhoruba. Mizigo kupita kiasi, mitumbwi mibovu na kukosa jaketi okozi vina sehemu yao. Lakini dhoruba ndiyo huvikusanya vyote hivyo na kuvidai kwa usiku mmoja.

Mwaka 2016 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa Wim Thiery, mtaalamu wa Ubelgiji, na wenzake, uliotumia picha za satelaiti kuzitazama dhoruba za ziwa hili. Katika yote waliyoyaandika, moja lingebandikwa kwenye kila ofisi ya mwalo: dhoruba kali za alasiri juu ya nchi kavu hutangulia dhoruba kali za usiku juu ya ziwa. Yaani ziwa hutoa taarifa. Mawingu yakijenga minara juu ya nchi kavu saa kumi alasiri, usiku wa kuamkia kesho yake ziwa lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuchafuka. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaonyesha kwamba mfumo wa tahadhari unaweza kujengwa juu ya uhusiano huo. Walisema pia kwamba dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa za ghafla juu ya ziwa zitaongezeka kuliko juu ya nchi kavu inayolizunguka.

Tafakari saa hizo. Wingu linaonekana alasiri. Mtumbwi unaondoka jioni. Dhoruba inapiga baada ya usiku wa manane. Kati ya picha na mauti kuna saa nane, pengine kumi. Watu wa Pwani walipata siku kadhaa za kujiandaa kabla ya Kimbunga Hidaya kufika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na kimbunga kile kilikuwa na jina, njia na ramani. Dhoruba ya ziwa haina jina na kesho yake haipo tena. Hata hivyo saa nane zinatosha kabisa kumwambia mtu asiondoke.

Kazi ya kuzitumia saa hizo imeshaanza. Kuanzia mwaka 2017 mradi ulioitwa HIGHWAY, wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, uliziweka pamoja idara za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Utabiri wa ziwa ukaanza kugawanywa kwa kanda, ukitaja upepo, mawimbi na radi, na rada ya Mwanza ikawa nguzo mojawapo ya kazi hiyo. TMA nayo ina ngazi zake tatu za tahadhari ambazo wasikilizaji wa redio wanazijua: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu.

Basi taarifa inakwama wapi? Kwa maoni yangu inakwama kati ya simu na tajiri. Mitumbwi mingi si mali ya wanaoiendesha. Tajiri ameshanunua petroli, giza la mwezi ni la majuma machache, na waliomo ndani hulipwa kwa mgawo wa walichovua: asiyekwenda hana mgawo. Mtu wa namna hiyo ukimpa utabiri unaosema kutakuwa na upepo mkali katika baadhi ya maeneo, atajiambia yeye hayumo katika baadhi hiyo, na jana alisikia vilevile akarudi salama na ndoo zimejaa. Sio ujinga. Ni hesabu, na inafanana na ya kila mtu anayeishi kwa kibarua. Utabiri utakaoweza kushindana na hesabu hiyo ni ule unaotaja eneo analolijua kwa jina, saa anayoijua, unaotoka kinywani mwa mtu wa mwaloni anayemwamini. Hapo ndipo anapoingia kijana wa Nyegezi, kwa kuwa ndiye atakayekuja kuwa afisa uvuvi. Mtabiri anajua wingu, mvuvi anajua maji, na afisa uvuvi ndiye pekee anayelipwa kuzungumza na wote wawili.

Satelaiti zina kazi nyingine juu ya ziwa hili, na mgeni wa kituo akiwa na muda aziulizie. Tangu mwaka 1992 ziko zinazopima usawa wa maji kwa kurusha mapigo ya rada na kuhesabu muda wa kurudi, kutoka kimo cha kilomita 1,336, zikipita njia ileile kila baada ya siku 10 hivi. Ndizo zilizofuatilia ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita moja kati ya mwisho wa mwaka 2019 na Mei 2020, baada ya Bahari ya Hindi upande wetu kupata joto kuliko kawaida na mvua kukataa kuisha. Mwezi huo, kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilipita rekodi ya mwaka 1964. Nyumba za mialoni zilizojengwa baada ya maji kurudi nyuma zikajua kwamba zilijengwa ndani ya ziwa. Satelaiti nyingine, zenye kuona vitone vya mita 10, hufuata magugu maji yanavyohama na upepo kutoka ghuba moja hadi nyingine.

Kutabiri tetemeko hakumo katika kazi hizo. Kila kundi la wanafunzi lina mmoja wa kuuliza, hasa kama ana ndugu Kagera anayekumbuka tarehe 10 Septemba 2016, na jibu ni fupi: satelaiti inaweza kupima ardhi iliposogea baada ya tetemeko, haiwezi kusema litapiga lini. Anayekuahidi zaidi ya hapo ana kitu anauza.

Mwenye nauli anaweza kwenda mbali zaidi. Kasarani, Nairobi, kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho Tanzania ni mwanachama. Karibu na Malindi kuna kituo cha anga cha Waitaliano, na ni kutoka jukwaa lake la baharini ilikorushwa, tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Historia hiyo inapendeza, na vijana wetu wengi hawajui kwamba pwani hii imewahi kurusha vyombo angani kabla wazazi wao hawajazaliwa. Lakini kwa anayesoma uvuvi Nyegezi, safari ya maana zaidi ni ya kuvuka jiji tu.

Kwa walimu nina ombi moja. Acheni kuwapeleka saa nne asubuhi. Saa hiyo dhoruba ya usiku imekwisha kusambaratika, ya mchana haijaanza, skrini ni kijivu kitupu, na mwenyeji hana budi kuwaonyesha slaidi. Ombeni nafasi ya saa tisa au saa kumi alasiri, mwezi ukiwa gizani. Wanafunzi waione minara ikipanda juu ya vilima, dakika 15 kwa dakika 15. Wamwone mtabiri akiamua aandike angalizo au tahadhari. Kisha, kabla ya giza kuingia, basi liwarudishe kupitia mwalo wowote ulio njiani, na kila mmoja aulize mvuvi mmoja anayepakia taa zake kama taarifa ile imemfikia. Majibu yaandikwe na yapelekwe TMA wiki hiyohiyo.